Nimesahau mzigo wa mwezi wa nane kwenye hati ya madai. Nimechelewa?

Mwangaluka, mwanangu wakili.

Mimi ni mama wa miaka 58, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Nina kesi mahakamani, na wiki iliyopita nimegundua kosa ambalo linaninyima usingizi.

Mwaka 2020 nilimpa mteja wangu dagaa kwa mali kauli. Tulikuwa tumefanya biashara naye miaka mingi, yeye anapeleka Kongo. Kipindi kile cha korona magari yalikuwa yanakwama mipakani, akaniomba nimvumilie, nami nikamvumilia. Tulikubaliana mara moja tu, kwa mdomo, kijana wangu wa stoo akiwepo: kila gunia shilingi 160,000, na mzigo wowote atakaochukua ataulipia mwisho wa mwezi huo huo. Alichukua mara tatu. Aprili gunia 140, Agosti gunia 90, Novemba gunia 120. Kila mara niliandika kwenye kaunta buku langu, naye akasaini.

Hakulipa. Februari 2022 alinitumia shilingi 600,000 kwa simu, na ujumbe: "Mama, pokea hicho kidogo, nyingine zinakuja." Hazikuja. Septemba 2025 nikafungua kesi mahakama ya wilaya. Sina wakili. Hati ya madai aliniandikia shemeji yangu, mwalimu mstaafu, akisaidiana na kijana wa steshenari. Tukadai shilingi 41,600,000, yaani mzigo wa Aprili na wa Novemba. Wa Agosti haumo kabisa.

Ilikuwa hivi. Bati la stoo lilivuja, lile daftari likalowa, kurasa mbili zikagandana na ule ukoko wa vumbi la dagaa. Wakati shemeji anaandika tulikuwa tunafunua tu, ukurasa wa Agosti ukapita bila kuonekana. Juzi najiandaa na ushahidi nikahisi karatasi moja ni nene kuliko wenzake. Nikaishika juu ya mvuke wa birika la chai, ikaachia taratibu. Ndani nikakuta gunia 90, tarehe, na saini yake. Nikakaa chini pale pale. Shilingi 14,400,000 zilikuwa zimelala humo.

Mdaiwa ameshaleta majibu, anakana kila kitu. Tulipelekwa usuluhishi, ikashindikana. Ushahidi unaanza tarehe 14 Julai na mimi ndiye shahidi wa kwanza. Nimeuliza watu nimezidi kuchanganyikiwa. Mmoja kasema hati ikishapokelewa mahakamani haiguswi tena. Mwingine kasema nisihangaike, nitaueleza huo mzigo siku ya ushahidi. Jirani yangu mwenye kesi ya kiwanja kasema niiondoe kesi nifungue upya ikiwa imekamilika. Na shemeji anasema tuiache hii iendelee, ule mzigo wa Agosti tuufungulie kesi yake peke yake.

Mwanangu, nishike lipi?

Mama wa Dagaa, Kirumba

*

Shikamoo mama.

Hujachelewa. Nianze na hilo ili ulale leo. Ila siku zako zinahesabika, na tarehe ya kuiogopa siyo 14 Julai. Ni mwisho wa Agosti mwaka huu wa 2026. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuwaondoe njiani hawa washauri wako, maana wawili kati yao wangekutia hasara ambayo isingerekebishika.

Aliyekwambia hati haiguswi amekosea. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kwenye Amri ya 6 kanuni ya 17, inasema mahakama inaweza katika hatua yoyote ya shauri kumruhusu mdai au mdaiwa kurekebisha hati yake, kwa masharti ya haki, ili ugomvi wenyewe hasa upate kuamuliwa. Angalia maneno mawili hapo. "Hatua yoyote" maana yake hakuna siku iliyopigwa mstari kwamba ikipita basi. "Kumruhusu" maana yake hujiamulii. Huwezi kwenda masjala kesho na hati mpya ukaibadilisha na ile ya zamani kama mtu anayebadilisha chenji. Unaomba, mwenzako anasikilizwa, hakimu anaamua.

Hakimu anaangalia nini? Msimamo unaofuatwa huku kwetu ni wa zamani, kutoka kesi ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino, iliyoamuliwa mwaka 1958 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Marekebisho yakiombwa kabla ya ushahidi kuanza, yaruhusiwe kwa moyo mweupe, ilimradi upande wa pili hauumii kwa namna ambayo kulipwa gharama hakuwezi kuiponya. Yatakataliwa kama yanageuza madai kuwa kitu kingine kabisa, au kama yanamnyang'anya mwenzako kinga ambayo sheria tayari imeshampa. Hilo la kinga lishike, tutalirudia.

Ndiyo maana nakuhimiza uende kabla ya tarehe 14 Julai. Siku hiyo ukishapanda kizimbani, ukaulizwa maswali, maombi yako hayafi, ila yanabadilika sura. Wakili wa mdaiwa atasema umeona pengo baada ya kubanwa, sasa unaliziba. Hakimu naye ataanza kukuuliza kwa nini hukusema mapema. Leo jibu lako ni jepesi: ukurasa uligandana, nimeuona juzi juzi tu, nimekuja mara moja.

Anayesema utaeleza siku ya ushahidi hajakutakia mabaya, lakini angekuangusha. Mtu mahakamani anafungwa na alichokiandika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo wazi katika kesi ya James Funke Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali: hati za madai zipo ili mwenzako ajue anakuja kujibu nini, asishtukizwe. Ukisimama ukaanza kusimulia gunia 90 ambazo hazimo kwenye hati, wakili wa upande wa pili atanyanyuka kabla hujamaliza sentensi. Hata kama hakimu atakuacha umalize, hawezi kukupa fedha ambazo hukuziomba. Na ule ukurasa wenyewe utagoma kupokelewa, kwa sababu nyaraka unazozitegemea zinatakiwa ziambatane na hati ya madai; ya kuchomoa baadaye inahitaji ruhusa.

Sasa jirani yako wa kiwanja. Mama, nakuomba sana usiiondoe hiyo kesi. Ni kweli sheria inamruhusu mdai kuondoa shauri na kuomba kibali cha kulirudisha. Watu wengi wanajua nusu hiyo tu. Nusu ya pili, iliyo kwenye Amri ya 23, inasema ukirudi na kesi mpya, muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inakupa wa kufungua kesi, unahesabiwa kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kufunguliwa. Hebu tuhesabu pamoja. Deni la mkataba, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, lina miaka 6. Mzigo wa Aprili ulitakiwa ulipwe tarehe 30 Aprili 2020. Miaka 6 imeisha Aprili iliyopita. Uko salama leo kwa sababu ulifungua kesi Septemba 2025, ukiwa bado ndani ya muda. Ukiiondoa, unakuwa umekwenda kwa miguu yako kuufukua mzigo wa gunia 140 na kuupeleka mahali ambapo mdaiwa atasema umepitwa na wakati. Shilingi 22,400,000 zingebaki zinaning'inia kwenye hoja moja tu, ya zile laki sita alizokutumia, nitakayoieleza mbele, kwa sababu ya kutafuta 14,400,000.

Jirani yako hakukosea kwa kesi yake. Madai ya ardhi yana miaka 12, kwa hiyo yeye alikuwa na nafasi ya kuondoa na kurudi. Wewe huna.

Shemeji yako naye, kwa heshima zote kwa mwalimu, amekanyaga mtego mwingine. Amri ya 2 kanuni ya 2 inamtaka mdai alete madai yake yote yanayotokana na chanzo kimoja ndani ya kesi moja. Ukiacha sehemu, huruhusiwi kuja kuidai baadaye. Na wewe mwenyewe umeniandikia sentensi ambayo ndiyo roho ya jambo hili lote: "Tulikubaliana mara moja tu." Makubaliano moja, bei moja, utaratibu mmoja wa kulipa, mizigo mitatu. Ukifungua kesi ya pili kwa gunia 90, mdaiwa ataishika sentensi hiyo hiyo na kusema mama alikuwa na nafasi ya kudai yote, akaacha.

Lakini sentensi hiyo hiyo, kwenye maombi ya marekebisho, inakutetea. Inaonyesha kwamba huleti ugomvi mpya. Ni deni lile lile, la mtu yule yule, kwa makubaliano yale yale, na kipande chake kilichosahaulika. Hakuna namna ya kusema mdaiwa anashtukizwa na kitu alichokisaini yeye. Iweke mapema kabisa kwenye hati yako mpya, usiifiche aya ya kumi.

Turudi kwenye Agosti. Nilisema mahakama haitaruhusu marekebisho yanayomnyang'anya mwenzako kinga. Kinga kubwa kuliko zote kwenye madeni ni ukomo. Tangu kesi ya Uingereza ya Weldon dhidi ya Neal ya mwaka 1887, kanuni ni kwamba huwezi kupitishia dirisha la marekebisho dai ambalo, kama ungelifungulia kesi leo, lingetupwa kwa kupitwa na muda. Mzigo wako ulitakiwa ulipwe tarehe 31 Agosti 2020. Ukiomba sasa, katikati ya Juni, dai hilo liko hai, hakuna kinga unayomnyang'anya. Ukiomba Septemba, mdaiwa atakuwa na kitu mkononi ambacho leo hana. Na usijihesabie kwamba kupeleka maombi kabla ya tarehe hiyo kunatosha. Lenga uwe umeshapata amri na umeshapeleka hati yenyewe kabla Agosti haijaisha.

Na zile laki sita? Zina uzito kuliko ulivyozichukulia. Sheria ya Ukomo inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya siku aliyolipa. Februari 2022 ukiongeza miaka 6 unafika Februari 2028. Ni ngao nzuri, ila ina tundu: ujumbe wake haukutaja mzigo gani. Atakuja kusema alikuwa anapunguza deni la Aprili, au la kitu kingine kabisa. Wewe utajibu kwamba deni ni moja, kwa makubaliano moja, na malipo yaliligusa lote. Mimi naona hoja yako ina nguvu. Lakini kama una njia ya kufika kabla ya Agosti, kwa nini uende ukapigane kwenye hoja hiyo? Iandike kwenye hati, kwa sababu anayetegemea msamaha wa ukomo lazima autaje ndani ya hati ya madai, halafu kimbia na tarehe kana kwamba huna.

Kwa kuwa unaitaja, ikate pia. Huwezi kusema alilipa laki sita halafu ukadai deni zima. Mizigo yote mitatu ni gunia 350, yaani shilingi 56,000,000. Toa 600,000, inabaki 55,400,000. Mahakama inapenda mtu anayehesabu hata kilicho dhidi yake.

Kabla hujaandika chochote, chukua yale majibu ya mdaiwa uyasome mpaka mstari wa mwisho. Tafuta maneno "pingamizi la awali", yaani hoja ya kisheria inayotaka kesi itupwe kabla haijasikilizwa. Kama lipo, na linagusa kasoro ya hati yako, basi nipigie breki kidogo: mahakama zetu haziruhusu mtu arekebishe hati ili kulikwepa pingamizi ambalo tayari limeshawekwa mezani. Pingamizi husikilizwa kwanza. Hutakuwa umekosa haki, ila mpangilio wa hatua utabadilika, na hapo usiende bila mwanasheria. Kama hakuna, endelea.

Maombi yenyewe kwa kawaida hupelekwa kwa maandishi, hati ya maombi pamoja na kiapo chako. Sheria inampa hakimu uwezo wa kusikiliza ombi la mdomo akiona inafaa, lakini kwa kiasi hiki cha fedha, na mdaiwa anayekana kila kitu, andika. Kwa Kiswahili inakubalika. Kwenye kiapo usitafute maneno makubwa. Eleza bati lililovuja, kurasa zilizogandana, birika la chai, siku uliyouona ukurasa, na kwamba umekuja mahakamani ndani ya siku ngapi. Ambatisha nakala ya ukurasa huo na rasimu ya hati unayotaka ipokelewe, sehemu zilizoongezwa zikiwa zimepigiwa mstari chini ili hakimu azione bila kuhangaika.

Kuna ombi moja ambalo watu husahau. Shauri lako lilishapangiwa ratiba. Chini ya Amri ya 8, kesi huwekwa kwenye mkondo wake wa muda, wa miezi 10, 12, 14 au 24, na ratiba hiyo ikishatolewa haivunjwi mpaka mahakama iridhike kuwa haki inadai hivyo, tena kwa gharama ya aliyeomba. Kwa hiyo omba vitu viwili kwenye karatasi hiyo hiyo: ruhusa ya kurekebisha hati, na ruhusa ya kutoka nje ya ratiba. Jiandae kuambiwa umlipe mdaiwa gharama za usumbufu. Usinung'unike, lipa. Gharama hizo ndizo zinazomfunga mdomo asiseme ameonewa. Naye atapewa nafasi ya kurekebisha utetezi wake, kwa hiyo tarehe 14 Julai huenda ikasogea.

Ukipata ruhusa, hapo ndipo watu huanguka. Nilimfahamu mzee mmoja mvuvi wa Igombe aliyekuwa anadai fedha za injini ya boti. Alipambana akapata ruhusa, hakimu akampa siku 7 kuleta hati iliyorekebishwa. Mzee akaona ameshashinda, akavuka kwenda Ukerewe kwenye shughuli zake. Alirudi siku ya 12, karatasi ameikunja vizuri ndani ya bahasha, na mlango ulikuwa umefungwa. Ikabidi aombe tena, safari hii aombe kuongezewa muda, na aeleze kwa nini alikuwa ziwani. Amri ya 6 kanuni ya 18 haina huruma: muda uliopewa ukipita, huruhusiwi kurekebisha mpaka mahakama iongeze. Hakimu asipotaja siku, sheria yenyewe inakuwekea siku chache. Kwa hiyo usitoke kwenye chumba cha mahakama bila kuuliza, "Mheshimiwa, niilete lini?" Andika tarehe hiyo kwenye hilo hilo kaunta buku.

Na hati mpya iwe nzima. Ikishapokelewa, inachukua nafasi ya ile ya zamani, na ya zamani haihesabiki tena. Nimeona mtu akipeleka karatasi yenye nyongeza peke yake. Yako iwe na Aprili, Agosti na Novemba, zote, na ile aya ya mwisho ya uthibitisho uisaini upya kwa tarehe mpya. Kuna ada ya kiasi ulichoongeza; utakapopakia hati kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama utapewa namba ya malipo, ilipie siku hiyo hiyo na utunze risiti.

Wakili wa kulipa kama humwezi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ikuelekeze kwa watoa msaada waliosajiliwa walio karibu. Shemeji aendelee kukusindikiza, kazi ya kusoma na wewe ameifanya vizuri, lakini kiapo hiki kipitiwe na mtu wa sheria.

La mwisho, lile daftari na ule ukurasa wa Agosti. Usiupitishe tena kwenye mvuke, usinyooshe saini kwa kalamu, usiandike hata namba ya simu pembeni. Ulivyo na doa la maji na ukoko wa dagaa ndivyo utakavyokufanya uaminike. Upige picha leo, kisha ufunge daftari kwenye mfuko mkavu ulitoe stoo. Kijana wako aliyekuwepo mkikubaliana, mtafute sasa kama ameshahama Mwaloni. Na nenda duka la huduma la mtandao wako wa simu ukaombe taarifa ya miamala ya Februari 2022, yenye jina la aliyetuma, maana ujumbe uliobaki kwenye simu ya zamani unaweza kupotea na simu yenyewe.